Kamba ya Asili katika Nchi ya Mwanzoni

Namna Mzee Nyange Mbaruku alivyofika nchi ya Mwanzoni haina haja ya kusimuliwa. Mtu aliyezunguka na sarakasi miaka arobaini na miwili hafiki mahali, hujikuta. Siku hiyo alijikuta mbele ya dirisha la forodha, jua la saa tatu likimpiga kisogoni, mkononi ana ngoma, begani ana kamba, na nyuma yake binti yake Mishi amemshika mbuzi pembe. Ndiyo sarakasi yote iliyobaki. Zamani walikuwa watu kumi na wanane na hema la turubai. Wengine walizeeka, wengine walioa wakatulia, hema likaliwa na mchwa. Lakini kamba ilikuwepo, na Mishi wa kutembea juu yake alikuwepo, na kwa Nyange hapo hapakupungua kitu.

Dirishani alikaa mama mnene wa uso mpole. Kifuani amebandika kibao: Bi Makini, Karani Mkuu.

"Watoka wapi?" akauliza.

"Hujambo, mama," Nyange akajibu.

"Hiyo huku hatunayo, mzee. Sisi tunaulizana tu, watoka wapi, na anayeulizwa anajibu. Haya, mmeingia na nini?"

Nyange akashusha kamba begani ili aoneshe.

"Mizigo pita nayo, baba, mizigo haimsumbui mtu. Nauliza maneno. Kazi yenu inaitwaje?"

"Sarakasi."

Kalamu ya Bi Makini ikasimama. Akalitazama jina lile alilokuwa ameanza kuliandika kama mtu aliyekuta nywele kwenye mchuzi. "La nani hilo?"

"La kwetu. Nililipata kwa mwalimu wangu marehemu Sulubu, aliyenifunza kupanda kamba."

"Naye alilipata kwa nani?"

"Sikumuuliza. Nilikuwa juu ya kamba."

Bi Makini akashusha pumzi, akachukua fomu nyingine, ya rangi ya manjano. Akaeleza taratibu, bila ukali, kama daktari anayempa mtu habari za jino. Mwanzoni wana sheria moja tu kubwa, nyingine zote ni watoto wake: kitu kisichojulikana kimetoka wapi hakiruhusiwi kwenda popote. Neno litasikilizwa Alhamisi mbele ya Baraza. Likipata asili, litapita na vyote vilivyo vyake. Lisipopata, litabaki na vyote vilivyo vyake vitabaki nalo.

"Sasa wewe, mzee, una cheti cha kuzaliwa, umeandikwa Pangani, wewe ni wa Pangani. Mbuzi?"

"Nilimnunua Muheza."

"Mbuzi wa Muheza. Na huyu dada?" Akamtazama Mishi. "Sehemu ya Atokako katika karatasi yako ni tupu, mwanangu."

"Ni binti yangu," Nyange akasema haraka.

"Umemzaa?"

Kwa miaka thelathini na mmoja Nyange alikuwa akilingoja swali hilo kwenye kila daraja na kila kizuizi, na watu walikuwa wakimhurumia bila kujua, wakiuliza mambo ya chanjo ya mbuzi. Ukweli wenyewe ni kwamba siku moja huko Korogwe, mchezo ulipokwisha na watu kutawanyika, katikati ya duara la vumbi walilochezea palibaki kitoto cha miezi mitatu kimefungwa kanga, kimelala. Wakangoja mpaka kesho yake. Wakangoja juma zima. Hakuja mtu. Nyange akakibeba.

"Nimemlea," akasema.

"Basi yeye ni wa sarakasi," Bi Makini akasema, akaandika. "Faili lake na la neno ni moja. Neno likipita atapita. Lisipopita atakaa Nyumba ya Wasiojulikana. Usinitazame hivyo, mzee! Si jela. Wanakula vizuri, wana bustani. Ila hawatoki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wajulikane."

Mishi akauliza, "Na wangapi wameshajulikana?"

Bi Makini akainamisha kichwa akagonga muhuri.

Basi walikaa Mwanzoni wakiingoja Alhamisi, na Nyange, ambaye elimu yake aliiokota njiani, madrasa miaka miwili, misheni mwaka mmoja na nusu, na kisomo cha jioni kambi ya mkonge, aliyatazama mambo ya nchi ile akayahifadhi kichwani kama yalivyo.

Aliona kwamba watu wale ni waungwana, wasafi, na wana njaa. Chapati ilikuwa barazani mwaka wa kumi na moja, haijapata uamuzi, kwa sababu wapekuzi walifika nayo hadi Bara Hindi wakakosana huko huko. Ilikuwa ikipikwa kila nyumba, lakini anayekula hugeukia ukutani, na akimaliza hufuta mafuta midomoni na kusema hakula kitu. Chai walikunywa kwa jina la maji ya majani. Shule zilifungwa siku ilipogunduliwa kwamba jina lake liliachwa na Wajerumani, watoto wakawa wanasoma wamesimama nje ya majengo, na mwalimu akipiga kengele anasema, "Haya, tokeni mahali, nendeni nyumbani." Meza nazo zilikusanywa zote zikafungiwa ghalani kwa kuwa jina lake ni la Wareno, mpaka Baraza lilipohitaji mahali pa kuweka viwiko likazisamehe tano.

Watu wenyewe walipangwa kwa namna hiyohiyo. Walioweza kutaja babu saba walikaa upande wa kivulini. Wa babu watano, upande wa jua. Wa babu wawili walifagia. Na Nyange akamkuta mfagiaji mmoja akijisifu kwa mwenziwe kwamba yeye ana babu wawili na nusu.

"Nusu ya babu inakuwaje, ndugu yangu?" Nyange akamuuliza.

"Kesi yake bado inasikilizwa," yule akajibu kwa heshima.

Jambo moja zaidi. Ilikatazwa kucheka kitu ambacho jina lake halijapata asili. Kwa hiyo Jumanne Mishi alipofunga kamba yake baina ya nguzo mbili za nyumba ya wageni ili asikakamae miguu, watu kama mia tatu walikuja wakasimama kuizunguka, wamekunja midomo, machozi yanawatoka kwa kujizuia, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Alipomaliza waliondoka wakitembea kama watu waliobanwa na haja. Mishi akasema, "Baba, nimecheza misibani, lakini hii leo ilikuwa nzito."

Nyange hakucheka. Alikuwa akilikagua fundo la kamba, upande huu kisha upande ule, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Marehemu Sulubu alimfunza mambo mengi na mengi aliyasahau, lakini hili lilimkaa: hapandi mtu kamba ambayo fundo lake hujaliona kwa macho yako.

Alhamisi ikafika. Ukumbi wa Baraza ulikuwa mkubwa na mrefu kwenda juu, hauna madirisha huko juu, paa lake linapotelea gizani hata mchana. Katikati ilining'inia kamba ya katani nene kama kifundo cha mkono, ikitoka kizani na kukoma kimo cha kifua cha mtu. Hiyo ndiyo Kamba ya Asili. Neno linapojadiliwa, makarani hupanda ngazi fupi wakafunga vitambaa juu yake, kitambaa kimoja kwa kila watu ambao neno limepitia kwao, kutoka chini kwenda juu. Na huko juu kabisa, kila mtu wa Mwanzoni aliamini, lipo Fundo la Kwanza ambalo ndilo asili ya yote. Aletaye neno husimama chini ameshika mwisho wa kamba.

Mbele ya pazia zito la rangi ya zambarau alikaa Mwenyekiti, Mheshimiwa Kitovu, mtu wa babu kumi na wanne, mwili umejaa, kiti chake cha mninga kimejaa naye. Ilisemwa kwamba hakuwahi kusimama akiwa kazini. Jirani yake alisimama Bwana Pekuzi, mtafiti, mwembamba, mabegani ana vumbi la makabrasha.

Nyange akashika mwisho wa kamba. Bwana Pekuzi akaanza.

"Mheshimiwa, neno hili limefika kwetu ama kutoka kwa Waingereza wenyewe, ama kwa Wahindi waliolitwaa kwa Waingereza. Nimefunga vitambaa viwili kwa tahadhari. Waingereza wanaliita hivyo onyesho la kuhamahama tangu miaka kama mia mbili na hamsini iliyopita, walipoanza kupanda farasi ndani ya duara ili watu wawatazame. Kabla yao walikuwa nalo Warumi, kwa uwanja wa kushindania magari ya farasi. Na nyuma ya Warumi nasikia harufu ya Wayunani, ambao neno lao lilikuwa pete, au duara. Hapo nimefikia."

"Farasi wako wapi?" akauliza mtu wa Idara ya Wanyama. "Kama asili ni farasi, hawa wameingia na mbuzi. Naomba mbuzi akimbizwe kuzunguka ukumbi ili sheria itimie."

"Mbuzi huyu ana gauti miguuni," Mishi akasema.

Mtu wa Idara ya Barabara akainuka. Akasema Waingereza hao hao huita hivyo mahali barabara zinapokutana kwa mviringo. Kwa hiyo hawa si wachezaji, ni njiapanda. Akaomba wakabidhiwe idara yake, wasimamishwe katikati ya mji, magari yawazunguke. Mtu wa Polisi akapinga vikali: huko Uingereza neno hilo husemwa pia kwa fujo, mahali ambapo kila mtu anapayuka na hakuna anayesikilizwa, na fujo ni mali ya Polisi. Wa Barabara akamwambia akae. Wa Polisi akasema hakai. Wa Wanyama akapiga meza. Wote watatu wakawa wanasema kwa pamoja, na watu waliojaa ukumbini wakakunja midomo.

"Kimya!" akanguruma Mheshimiwa Kitovu. Akamgeukia Nyange. "Mzee, una la kuongeza kuhusu asili?"

"Nina swali dogo, Mheshimiwa. Hilo neno asili, mimi nililikuta madrasa, kwa Kiarabu. Huku kwenu faili lake lilipita mwaka gani?"

Mbuzi akasikika akitafuna. Makarani wakatazamana. Bi Makini akafungua daftari kubwa, akapekua, akapekua tena, kisha akalifunga polepole na kukaa juu yake.

"Swali hilo limeahirishwa," Mheshimiwa Kitovu akasema. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Uamuzi. Neno hili limetoka kwa wawili, likapitia kwa wawili wengine, na kila mmoja analidai kwa maana yake. Nimetazama juu." Akainua macho gizani kwa nusu dakika, kama ilivyo desturi. "Silioni Fundo lake. Neno halina asili. Neno, na chake kisichojulikana, vitabaki."

Askari wawili wakamsogelea Mishi. Nyange akapiga hatua kumfuata akiwa bado ameshika kamba, vitambaa vyote vinne vikachezacheza. Na hapo, kwa mazoea tu ya kazi yake, akatazama juu kutafuta fundo.

"Nani ameliona?" akauliza.

"Nini?" Bwana Pekuzi akauliza.

"Fundo. La kamba hii. Mnasema lipo juu. Nani kati yenu amepanda akaliona?"

"Mzee, linaonwa kutoka chini," Bwana Pekuzi akasema.

"Kutoka chini hata chandarua chaonekana hakina tundu. Mimi nimefunga kamba miaka arobaini na miwili. Nauliza kama fundi: nani amepanda?"

Bi Makini akanyanyuka kidogo, akalitoa daftari chini yake, akasoma kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Kifungu cha kwanza. Msemaji wa mwisho juu ya asili ni yule aliyeliona Fundo la Kwanza kwa macho yake mwenyewe." Akapandisha miwani. "Hakipo kifungu kinachosema kutoka chini, Mheshimiwa. Hiyo ni desturi ya ukumbi tu."

Nyange alikuwa ameshavua viatu.

"Baba, una miaka sabini na moja," Mishi akasema. "Kaa. Nitapanda mimi."

"Fundo lile sijaliona, mwanangu. Hupandi."

"Ndilo tunakwenda kuliona."

"Nasema hupandi!"

"Basi nishikie chini," Mishi akasema, na kabla askari hawajaelewa alikuwa ameshaupita mkono wa baba yake, kitambaa cha kwanza, cha pili, anapanda kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Nyange akaishika kamba isiyumbe. Katika maisha yake alishika kamba nyingi, lakini hakuwahi kushika asiyoijua na Mishi akiwa juu yake. Kitambaa cha tatu. Cha nne. Ndipo akasikia mlio, kama mlango usiotiwa mafuta, na mlio ule haukutoka juu. Akageuza shingo. Miguu ya nyuma ya kiti cha Mheshimiwa Kitovu ilikuwa imenyanyuka kutoka sakafuni kiasi cha vidole viwili.

Akaelewa palepale. Wala hakuhitaji kuambiwa. Zamani sana mafundi wa ukumbi ule waliirusha kamba juu ya boriti, wakatafuta pa kuifungia, kikawepo kiti kizito jirani, wakafunga. Pazia likaja baadaye.

Mheshimiwa Kitovu, aliyejihisi anamwagwa mbele kama uji, akashika meza kwa mikono miwili na kuanza kuinuka.

"Usiinuke!" Nyange akasema. Hakupiga kelele, maana kelele humshtua aliye juu. Alisema kwa sauti ile anayosemea na mbuzi. "Nakuomba, Mheshimiwa, kwa heshima ya babu zako wote kumi na wanne, kaa. Kaa kama ulivyokaa miaka yote. Ukiinuka, mwanangu anaanguka."

Mheshimiwa Kitovu akabaki katikati, hakukaa wala hakusimama. Jasho likamtoka. Akatazama juu, na safari hii alitazama kweli, akaona nyayo mbili nyeupe za mtu zikielea gizani. Kisha akajishusha kwa uzito wote aliojaliwa. Kiti kikarudi chini, tap. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwake kumfaa mtu.

"Haitoshi," Nyange akanong'ona. "Anakaribia boriti, anatikisa."

Bi Makini, mwanamke mwenye akili, akazunguka meza, akasema, "Unisamehe, Mheshimiwa," akakaa juu ya mkono wa kiti. Wale askari wawili wakaja wakaukalia wa pili. Bwana Pekuzi alikumbatia mguu wa kiti bila kuambiwa. Hivyo ndivyo dola ya Mwanzoni ilivyokaa, yote, juu ya kiti kimoja, ikitazama paa.

Kamba ikalegea mkononi mwa Nyange. Mishi alikuwa amefika kwenye boriti.

"Shahidi," Bi Makini akaita kutoka kitini, sauti inakatika kwa kubanwa. "Umeona nini?"

Sauti ya Mishi ikashuka. "Vumbi jingi. Na kiota cha popo."

"Na Fundo?"

"Hakuna fundo. Kamba imepita tu juu ya boriti, imerudi chini upande wa pili, nyuma ya pazia." Akainamia upande wa pili. "Ngoja niangalie vizuri. Imefungwa kwenye kiti. Mmekikalia."

Mtu mmoja wa mbele akalivuta pazia. Ikaonekana kamba ikishuka kutoka gizani hadi mgongoni mwa kiti, na fundo lenyewe, kubwa, la kizamani, limefungwa vibaya.

Hapo ndipo yule mfagiaji wa babu wawili na nusu alipocheka. Alijaribu kujizuia kwa kofi mdomoni, kicheko kikampita puani. Jirani yake akamfuata. Kikapita kama moto wa nyasi kutoka upande wa jua hadi upande wa kivulini, na watu wakawa wanacheka ya Alhamisi hiyo na ya Jumanne, na nadhani hata ya miaka kumi na mmoja ya nyuma, wengine wamekaa sakafuni, wengine wanawashika mabega watu wasiowajua. Mwishowe Bi Makini akaanza kutikisika, na mkono wa kiti ukatikisika naye, na Mheshimiwa Kitovu, ambaye angependa sana kukasirika, akakuta tumbo linamponyoka.

"Nyamazeni!" alisema akifuta macho. "Msinicheshe. Nikicheka nanyanyuka."

Bi Makini akachukua fomu ya manjano, akaiweka juu ya goti. "Kwa kifungu cha kwanza, shahidi ndiye msemaji wa mwisho. Neno sarakasi. Niandike asili gani?"

"Andika limefika," Mishi akasema.

"Limefika kutoka wapi?"

"Kwa kila aliyelishika kidogo. Mama, popo wanaamka."

Bi Makini akaandika. Kisha akasita, akapunguza sauti, na ukumbi ukatulia naye. "Na wewe, mwanangu? Nafasi yako bado tupu. Huko uliko unaona mbali. Niandike watoka wapi?"

Nyange aliangalia sakafu. Swali lile la miaka thelathini na mmoja lilikuwa limefika tena, na safari hii si yeye aliyeulizwa.

"Kwa yule," Mishi akasema. "Aliyeshika kamba."

Alishuka polepole, mkono baada ya mkono, na hakuna mtu hata mmoja wa Baraza aliyethubutu kunyanyuka kitini mpaka nyayo zake zilipogusa sakafu. Nyange akayashika mabega yake, akaikagua mikono yake kama imechunika, akamgombeza kwa kupanda kamba isiyokaguliwa.

Jioni ile walicheza uwanjani, na watu walicheka mpaka mbuzi akaogopa. Nyange aliona mama mmoja akila chapati ameuelekea umati, hazibi mdomo. Kama sheria ilibadilishwa baadaye au la, hajui. Alisikia tu, njiani baadaye, kwamba Baraza lilikaa siku tatu kujadili kamba ifungwe wapi sasa, na kwamba Mheshimiwa Kitovu alizihudhuria zote tatu amesimama.

Asubuhi yake, walipokwisha kulipita dirisha la forodha, Nyange akamwambia Mishi atangulie na mbuzi. Akakaa juu ya ngoma yake kando ya njia, akaikunjua ile karatasi ya Mishi. Husoma polepole, mtu yule, herufi kwa herufi, kidole kikiongoza. Akairuka sehemu ya juu, akaruka muhuri, akaitafuta ile nafasi. Atokako, paliandikwa, na mbele yake, kwa mwandiko mnene wa Bi Makini: Nyange.

Akaisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaitia mfuko wa ndani, akainuka, na huko mbele Mishi alikuwa akimwita afanye haraka, mbuzi amegoma kutembea.